Kamera ya Kwenda Mirihi

Picha iliingia kwenye simu yangu asubuhi, nikiwa ndio nafungua studio hapa Tanga, funguo bado mkononi. Aliyeituma ni Furaha, kutoka Joburg, na chini yake ameandika maneno machache tu: "Naledi alituacha. Banamuzika leo. Ona picha yenye baliweka mbele." Nikakaa kwenye benchi la wateja bila kuwasha taa. Ilikuwa picha kubwa iliyosimamishwa kando ya jeneza, na Furaha alikuwa ameipiga kwa simu kutoka viti vya nyuma, kwa hiyo kofia ya mtu imeziba kona moja ya chini. Naledi anacheka. Hana wigi, hana kilemba. Kichwa chake kiko wazi, nywele zimeota hapa na kukosekana pale, mabegani amejitanda kitu cheusi, na anacheka kwa mdomo wote, kama aliyeambiwa jambo la kipuuzi. Nililia kwanza. Halafu, kwa kuwa kazi yangu ni picha na macho yameshakuwa na ukaidi wake, nikaivuta picha kwa vidole viwili niione vizuri. Juu, upande wa kulia, kulikuwa na nukta nyekundu, ndogo sana. Mtu mwingine angedhani ni vumbi la skrini. Mimi nukta ile naijua kuliko alama ya chanjo iliyoko begani mwangu. Picha ya Naledi ilikuwa imepigwa kwa kamera yangu, na mimi sikuwahi kuiona hata siku moja.

Basi siku nzima nikawa sifanyi kazi ya maana, nimerudi mwaka 2017. Habari za kwetu na za safari ya kwenda kusini nitaziacha. Kila aliyekwenda anazo, na zinafanana. Nianzie chumbani. Mimi na Furaha tulipanga chumba kimoja mtaa wa La Rochelle, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja wa Kireno aliyefuga njiwa na kuwasema njiwa hao kutwa nzima. Vitanda viwili, cherehani katikati, msumari mmoja ukutani ambao ulikuwa wa kamera yangu na hakuna kingine kilichoruhusiwa kutundikwa pale. Furaha ni mtu wa Lubumbashi, fundi cherehani, mkubwa wangu kwa miaka kadhaa na hakuniacha nisahau hilo. Alikuwa na kibanda cha kushonea Rosettenville. Yeye alipika bukari, ugali wa kwao, na sombe, kisamvu chao, mimi nikapika wali siku nilizopata nazi, na kila tulipokula tulibishana kama ugali wangu ni ugali au ni uji uliochoka. "Mudogo yangu," alikuwa akisema huku anaupindua kwa kidole, "hii haiko chakula, iko dawa." Na alikuwa akiumaliza.

Kazi yangu ilikuwa kupiga picha kwenye sherehe za wanawake: harusi za Watanzania, Wakomoro, mara moja moja Wakenya, kwenye maghorofa ya Hillbrow na Joubert Park. Kamera niliinunua ikiwa imeshatumika. Mpira wa mpini ulikuwa umebanduka, na ndani yake, kwenye kile kioo kinachopokea mwanga, palikuwa na kijidoa kilichokufa, ndiyo maana kila picha ilitoka na nukta ile nyekundu mahali pale pale. Nilikuwa naionea haya. Niliifuta kwenye kompyuta, picha baada ya picha, nikimlaani aliyeniuzia.

Siku Thandeka alipokuja kibandani kwa Furaha, mimi nilikuwepo, nakula magwinya, yale maandazi ya kule. Alikuwa mhandisi, dada mrefu wa Soweto aliyeongea haraka, na alitaka kushonewa ovaroli za watu wanaokwenda Mirihi. Ndivyo alivyosema, bila kucheka. Furaha aliweka mkasi chini. "Hiyo Mirihi iko upande gani? Ni mbele ya Pretoria?" Thandeka akacheka mpaka akashika meza, akaeleza. Yeye na wenzake walikuwa wamejenga chombo cha mazoezi ndani ya ghala la zamani la kiwanda cha uchapaji, kusini ya mji, chini ya kilima cha mchanga uliotolewa mgodini. Watu wanne wangefungiwa humo wiki tatu, wakila vyakula vya pakiti na kufanya kazi zote za safari, ili ijulikane binadamu wanachoshana vipi na wanasaidiana vipi wakiwa mbali na kila mtu. Hakuna ambacho kingeruka. Watatu walikuwa wameshapatikana. Wa nne angekuwa mpiga picha. Alikuwa akiongea huku macho yake yako ukutani, ambako Furaha alikuwa amebandika picha zangu za wateja wake. "Hizi kapiga nani?" Furaha akaninyooshea kidole, na mimi mdomo umejaa.

Walioomba nafasi tulibaki wawili, mimi na kijana mmoja mpole aitwaye Sipho, aliyekuwa akisoma upigaji picha chuoni. Mtihani ulikuwa huu: kila mmoja achague kamera anayoona inafaa safari ya anga, aeleze kwa nini, kisha aingie nayo chomboni siku moja ya mazoezi. Niseme wazi kwamba nilikitaka kiti kile vibaya sana. Maisha yangu yote ya Joburg nilikuwa mtu wa kuingia kwenye furaha za wengine kwa saa chache na kutoka na begi langu. Kwa mara ya kwanza palikuwa na chumba ambacho ningefungiwa ndani yake pamoja na watu, nihesabiwe mmoja wao. Kwamba safari yenyewe ni ya kuigiza halikunipunguzia hamu hata kidogo.

Nikaanza kwenda maktaba ya mjini kila nilipopata nafasi, na huko ndiko niliposhikwa. Nilidhani kamera za anga zinaundwa na mabingwa waliofungiwa mahali pa siri. Kumbe mmoja wa wanaanga wa mwanzo kabisa aliingia dukani, duka la kawaida la mtaani, akanunua kamera aliyoipenda, mafundi wakaigeuza juu chini na kuibandika mpini ili aweze kuishika akiwa na glovu. Mwingine naye alinunua yake dukani. Wakaibandua ngozi ya nje na kuipaka rangi nyeusi isiyong'aa, ili isijionyeshe kwenye kioo cha dirisha. Zile za mwezini zilitolewa kioo cha kuakisi kilichomo ndani, kwa kuwa mwenye kofia ya anga hawezi kuweka jicho kwenye tundu la kuchungulia; zikafungwa kifuani, mtu akageuza mwili mzima kuelekea anachotaka kukipiga. Hata grisi ilibidi ibadilishwe, maana kusiko na hewa grisi ya kawaida hupotea. Na walipomaliza, kamera nyingi waliziacha huko huko mwezini, wakarudi na mikanda ya picha tu, kwa kuwa kila kilo ilikuwa na gharama yake. Hilo lilinikalia kichwani. Nilitembea mpaka Joubert Park nikifikiria kamera nzima nzima zimelala vumbini kule juu, hazina mtu wa kuzifuta.

Halafu nikasoma kuhusu vituo vya siku hizi vinavyozunguka dunia. Kule kamera huchakaa upesi, kwa sababu ya mionzi inayopita angani; inapiga kile kioo kinachopokea mwanga na kuua vijidoa vyake kimoja kimoja, na picha zinaanza kutoka na nukta nyekundu, za buluu, nyeupe. Nilicheka peke yangu maktabani, mzee aliyekuwa akisoma gazeti akanitazama. Kamera yangu niliyokuwa nikiionea haya ilikuwa na ugonjwa wa wanaanga.

Chumba chetu kikageuka karakana. Furaha alinishonea glovu nene zilizojazwa sponji, na nilizivaa nikijaribu kila kamera niliyoweza kuazima. Nyingi zilinishinda, vitufe vyake vimetengenezwa kwa ajili ya vidole vya watu wasiokuwa na haraka. Yangu, kwa kuwa ya zamani, ilikuwa na kitufe kikubwa na gurudumu gumu, na nilifika mahali nikaweza kupiga picha huku nakoroga sufuria, nimevaa glovu zote mbili. Wali uliungua mara moja na Furaha hakuisamehe Mirihi. Nikaenda kwa mwenye bucha wa barabara yetu, nikamwomba aniwekee kamera kwenye chumba chake cha barafu, katikati ya nyama. Alitaka kujua kwa nini. Nikamwambia naipeleka mbali, kwenye baridi. Akafikiri kidogo. "Cape Town?" Akaiweka. Ilipotoka, lenzi ilikuwa imeshika ukungu na betri imezimia, nikajifunza kuibeba betri ya akiba ndani ya nguo, karibu na mwili.

Kilichotusumbua zaidi ni dirisha. Chomboni palikuwa na dirisha moja, linalotazama kile kilima cha mchanga wa mgodi, ndiyo Mirihi yetu, ingawa ni ya manjano. Kila nilipojaribu kupiga picha kupitia kioo kama kile nilijiona mwenyewe: mikono, kamera, taa nyuma yangu. Lazima kitu cheusi kimzunguke mpiga picha, kibane kioo pande zote. Furaha akakata kitambaa cheusi alichokuwa nacho. Kiling'aa, tukaona mistari yake kwenye picha. Ndipo nikatoa buibui langu la zamani, lile la krepu nzito nililotoka nalo nyumbani. Tulilijaribu kwenye dirisha la chumba chetu, mimi nimejifunika ndani. Kioo kikawa kama hakipo, nikawaona njiwa wa yule mzee mmoja mmoja. Furaha akalishika buibui mikononi muda mrefu. "Nikikata, haliko buibui tena. Unajua?" Nikamwambia kata. Akalishona likawa hema dogo lenye tundu la lenzi, na uzi mweusi ulipomwishia pembeni akamalizia na wa kijani. "Nani ataona?" akasema.

Hapa lazima nimtaje Bi Rukia, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na cha kusema siku ya siku. Bi Rukia alikuwa wa Unguja, mpishi na mwendeshaji wa sherehe za wanawake Hillbrow nzima. Sherehe hizi ni za mchana, milango imefungwa, wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza wanavyotaka. Mlangoni Bi Rukia alikaa na sufuria tupu la pilau. Hapiti mtu na simu. Unaitumbukiza humo, anafunika kifuniko, anakalia kiti mbele yake. Hata mama wa bwana harusi alitumbukiza. Siku ya kwanza nilipokwenda na kamera aliichukua akaigeuza geuza. "Na hii, mwanangu, inaongea na nani?"

"Haiongei na mtu, Bi Rukia. Haina mtandao."

"Haina mdomo?"

"Haina."

"Basi pita. Lakini ukimaliza, ile kadi yake unampa bi harusi mkononi, mbele yangu. Kamera ni yako. Sura ni zao."

Ndivyo ilivyokuwa kila mara. Nilitoka na kamera tupu. Bi harusi angekuja wiki ya pili na kadi yake, angekaa ubavuni pangu nikimfutia ile nukta nyekundu, angeniambia hii iache, hii ifute, kisha angeondoka nayo. Na mle ndani nilijifunza kuishika kamera kifuani, nikimtazama mtu usoni na kuongea naye, maana mwanamke aliyejiachia akiona umejificha nyuma ya chombo anakaza uso hapo hapo. Sikujua kwamba nilikuwa nafanya kama wa mwezini.

Sipho ndiye aliyeanza mazoezi. Alichagua kamera mpya kabisa, iliyotolewa na kampuni iliyokuwa inafadhili mradi. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo, na kila picha iliyopigwa iliruka yenyewe kwa waifai mpaka kwenye skrini kubwa iliyokuwa nje ya chombo. Siku hiyo walialikwa wanafunzi wa shule waje kuona. Mimi nilikuwa nje pamoja nao. Mle ndani kulikuwa na joto, mashine ya hewa imegoma, na Naledi, ambaye alikuwa nesi wa safari, akavua wigi ajipanguse jasho. Alikuwa ameugua miaka ya nyuma, dawa zilimtoa nywele na hazikurudi zote. Wenzake wawili walijua. Sipho alikuwa anapiga picha ya wote watatu wakirekebisha mashine, akabonyeza. Kabla Naledi hajarudisha mkono kichwani, alikuwa tayari kwenye skrini, mkubwa kama mlango, na watoto wakaangua kicheko. Hawakuwa watoto wabaya. Alikisikia kile kicheko kupitia ukuta, akauliza kuna nini, na mtu akamwambia. Alitoka amevaa wigi lake, akanywa maji, akasaini alipotakiwa kusaini, akaondoka bila kugombana na mtu. Sipho alikaa kwenye ngazi ameshika kichwa. Kesho yake akajitoa.

Zamu yangu ilipofika niliingia na kamera yangu, hema la buibui, na sufuria. Wenzake Naledi, wahandisi wawili, walicheka nilipowaomba simu zao, lakini walizitoa, na Thandeka naye akatumbukiza yake. Naledi alikuwa amefunga kitambaa juu ya wigi na hakunitazama. Nikamwekea kamera mapajani. "Haina mdomo," nikamwambia, na nikamweleza habari za Bi Rukia, mambo yote, hata mama wa bwana harusi. Akaigeuza akitafuta kilipo kitufe cha mtandao, hakukiona. Tulishinda humo. Alinifundisha kuchanganya chakula cha pakiti, uji wa mahindi wenye ladha ya kadibodi, na tuliula tukisimuliana vyakula vya kwetu mpaka mhandisi mmoja akatuomba tunyamaze kwa huruma. Wigi hakulivua. Nilipomaliza nikatoa kadi, nikamwekea kiganjani. Akaziangalia picha zote, akafuta mbili, akazirudia za dirishani. "Hii nukta nyekundu ni nini?" Nikamwambia ni mionzi ya anga, kamera yangu imeshasafiri sana. Hapo ndipo alipocheka.

Jioni ile, nilipotoka chomboni, nilikuwa nakula kwenye kichumba kilichokuwa jiko la ghala, nyuma ya ukuta wa plaiwudi, nikawasikia Thandeka na bwana wa ile kampuni upande wa pili. Yule bwana alikuwa akiongea kwa adabu. Alisema watoto wanataka kuona mambo yanapotokea, siyo baada ya wiki tatu, na bila picha za papo kwa papo kampuni yake haina cha kuonyesha. Kisha akasema, "Huyo dada Mtanzania ni mzuri. Mpe kamera yetu, aingie. Nafasi ni yake." Kijiko kilibaki njiani. Nafasi ni yake! Thandeka akauliza, "Na akitaka kuingia na ya kwake?" Yule bwana akasema kwa upole ule ule kwamba kitanda cha nne, chakula chake na gharama zake zote zinatoka kwao, kwa hiyo watakuwa hawana sababu ya kukigharamia.

Nilikwenda nyumbani nikamwambia Furaha. Alikuwa anakoroga sombe, hakugeuka. "Donc, ukibeba yao, unaingia. Ukibeba yako, unabakia na mimi na hawa njiwa."

"Ndiyo."

"Na ule mama wa wigi?"

"Anaingia vyovyote vile. Ni wiki tatu, da Furaha. Atavua tu siku moja. Joto lile atavua."

Furaha akapakua, akaniwekea nyama kubwa kuliko yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Kula," akasema. "Mi sitakuambia kitu. Weye njo uko na kamera." Nilikula nikiwa na hasira na kila mtu: na kampuni, na Naledi na nywele zake, na Bi Rukia aliyenifundisha jambo ambalo sasa siwezi kujifanya sikulijua. Laiti ningekuwa nimejifunza kazi hii kwa mtu mwingine, ningeichukua ile kamera mpya nikacheza nayo wiki tatu kwa raha zangu.

Kwenye kikao cha kueleza kamera niliyoichagua, niliweka kamera mbili mezani. Niliisifia ile mpya kwa haki yake: nyepesi, inaona gizani, betri haifi. Kisha nikasema kwamba nimesoma kamera za anga zinavyochaguliwa, na kila mara swali lilikuwa lile lile, je, itafanya kazi mikononi mwa aliyeko kule, na glovu zake na kofia yake na uchovu wake? Hawa watu wetu watakaa uchi wa moyo wiki tatu. Kamera inayotuma itawafanya wakae wamevaa muda wote, na hiyo siyo safari tena, ni maonyesho. Mimi nachagua hii ya zamani, kadi ikae kwao, watoke nayo wenyewe. Yule bwana alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru. Thandeka akawageukia wanaosafiri. Wahandisi wakatazamana. Naledi akasema, "Ninaingia na ile isiyo na mdomo, au siingii."

Thandeka alinifuata nje, karibu na geti. "Eish, sisi," akasema; ndivyo wanavyomwita dada. "Kamera yako imepita. Wataingia watatu."

"Najua," nikasema. "Nilisikia."

"Ulisikia? Na bado ukasema vile?"

Nilimwambia robot, taa za barabarani zilizoko mbele, imeharibika, avuke kwa uangalifu, nikaondoka.

Nikawafundisha wote watatu. Niliwaonyesha kuishika kifuani, kuongea na mtu huku unapiga, kuweka betri ndani ya nguo, kubana buibui kwenye kioo. Siku ya kufungiwa niliivua kamera shingoni mwangu nikamvisha Naledi. Mlango ulipofungwa nililia, na sikujificha. Nililia kwa wivu, ndiyo jina lake. Furaha alinishika mkono mpaka La Rochelle. Bi Rukia aliposikia kwamba sina cha kupigia picha kwa wiki tatu, aliniita jikoni kwake. "Umewapa watu wa nyota mkate wako? Mwanangu, hebu na tukuombee." Lakini alinipa kazi ya kukatakata vitunguu, na kila mgeni akamweleza, kwa majivuno ambayo alidhani siyaoni, kwamba kanuni ya sufuria lake imekwenda Mirihi.

Walipotoka walikuwa wamekonda na wana macho ya watu waliolala mchana. Naledi, wigi kichwani, alinivalisha kamera yangu shingoni. Kwa mazoea nikafungua kile kijilango cha kadi. Hamkuwa na kitu. "Kadi ninayo," akasema. "Ulisema sura ni za wenyewe." Nikasema ndivyo. Picha walizokubaliana kuzitoa baadaye zilikuwa za miche, za mikono ikitengeneza mashine, za kilima cha manjano jua likiwa limekipiga ubavuni, nzuri kweli. Za watu hawakutoa hata moja. Nilikuwa nakufa kwa hamu ya kuziona. Naledi tulikutana mara nyingi baada ya hapo, tulikula pamoja, alikuja kwenye sherehe za Bi Rukia akatumbukiza simu yake kama wengine, na sikuwahi kumuuliza. Niliondoka Joburg mwaka 2019 bila kumuuliza.

Leo jioni, kabla ya kufunga studio, nimeifungua tena ile picha. Ninajua sasa kwamba ni Naledi mwenyewe aliyeagiza iwekwe mbele. Furaha aliniambia kwenye simu kwamba Naledi aliwaonyesha ndugu zake miezi ya mwisho, akasema hii na siyo nyingine. Mmoja wa wale wahandisi ndiye aliyempiga, na lazima alikuwa ameishika kifuani, kwa sababu Naledi anamtazama mtu, hatazami kamera. Nikakivuta karibu kile kitu cheusi mabegani mwake, ambacho asubuhi nilikidhania ni nguo tu. Kina tundu la duara. Alikuwa ametoka kuchungulia dirishani, amelinyanyua hema la buibui langu likamwangukia mabegani, na joto lile, na wigi liko sijui wapi. Pembeni, karibu na shingo, pindo limegeuka, na kuna mshono mfupi wa kijani.

Nilimwandikia Furaha: umeuona uzi wako? Akajibu hapo hapo. "Niliuona tangu kanisani. Njo sababu nilikutumia. Mudogo yangu, na weye uliingia."